Hema la Mtu Mmoja Lililoruka Ukuta

Mpendwa mshauri wa gazeti letu, Bibi Zulema, naomba msaada wako na naomba upesi, kwa sababu mwenye duka amenipa mpaka Jumamosi, na barua hii nimeshaiandika mara tatu na mara zote tatu nimeishia kuwashia jiko.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sitini na tatu, naishi hapa hapa Esquel, chini ya milima, na kwa miaka ishirini na mbili, kila mwezi wa pili kabla shule hazijafunguliwa, nimekuwa nikipanda Njia ya Maziwa, ile ya mlimani inayopita ziwa hadi ziwa, na shoga yangu, ambaye hapa nitamwita Delmira ingawa si jina lake, siku tano kwenda na kurudi, tukilala kwenye hema moja la bluu tulilolinunua wakati nywele zetu bado nyeusi, hema zito, karibu kilo tano, yeye akibeba fito na turubai la juu, mimi nikibeba chumba cha ndani na sufuria, na kule kwa walinzi wa hifadhi wanapouliza apigiwe nani simu tusiporudi tunaandika jina la mpwa wangu wa Trelew, ambaye hata mlima uko upande gani hajui, lakini tungemwandika nani, ikiwa mtu ambaye angenitafuta mimi tuko naye ndani ya hema?

Majira ya baridi ya mwaka juzi Delmira alibadilishwa goti, na daktari akamwambia atembee sokoni, atembee kanisani, lakini mzigo mgongoni na mawe chini ya miguu asahau, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikayasikia yote. Tulipotoka nje akaniambia, "We usimsikilize yule, hata ngazi za kwake anapanda akihema. Mwaka ujao tunakwenda. Utanisubiri, si ndiyo?" Nikasema nitakusubiri. Mwaka ukaja, akasema ujao, nikasema nitakusubiri. Bibi Zulema, nilijua. Nadhani hata yeye alijua, lakini kila siku saa kumi na moja jioni alikuwa anakuja kwangu na chupa yake ya maji moto kwapani na kibuyu chake cha kunywea mkononi, tunakunywa yerba, yale majani yetu machungu ya kumiminia maji moto, kwa zamu, kwa mrija mmoja, yeye ndiye anayemimina, hajaniachia hata siku moja kwa sababu anasema mimi naunguza majani, na hapo tunapanga safari ya mwaka ujao, tutalala wapi, tutapika nini, na mimi nacheka huku moyo unaniuma, maana umri wangu si wa kuwekea akiba miaka.

Basi mwezi uliopita nikaingia dukani nikijiambia naangalia tu. Mwenye duka nilimfundisha hesabu alipokuwa mdogo, kwa hiyo ananiheshimu, lakini mdomo hana breki.

"Mwalimu, hema la watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja? Na shoga yako je?"

"Nimekuja kuulizia mahema, wewe unaniulizia watu."

Akanitolea matatu. La kwanza halifiki kilo moja, ila halina fito zake, unalisimamisha kwa fimbo mbili za kutembelea na kulivuta kwa vigingi pande zote, na vigingi vikikataa kuingia ardhini huna hema, una shuka. Mimi fimbo yangu ni moja tu, na pale ziwa la juu tunapolala ni changarawe tupu. La pili lina fito zinazokingamana juu, ukishazichomeka linasimama lenyewe hata juu ya mwamba, la mtu mmoja, kilo moja na robo. La tatu ni ndugu yake, la watu wawili, kilo mbili kasoro kidogo. "Chukua hili la wawili, Mwalimu, upate pa kujigeuzia," akaniambia. Nikavua viatu nikalala ndani ya yote mawili pale pale sakafuni, wateja wakinipita kichwani, na nilipokuwa ndani ya lile la wawili nikanyoosha mkono upande wa kulia, upande wa Delmira, nikakuta sakafu baridi, na nikabaki nimelala mpaka yule bwana akaniuliza kama nimepata kizunguzungu. Nikachukua la mtu mmoja. Nikalificha chini ya kitanda.

Jumapili moja baada ya chakula nikashindwa kujizuia, nikalitoa, nikalisimamisha uani juu ya saruji, likasimama vizuri kweli, dogo, la kijani, na aaa, sikulifunga popote, ningelifunga wapi kwenye saruji, tena nimeambiwa linasimama lenyewe, nikaingia ndani dakika moja kuepua birika. Upepo wetu unaujua. Nilipotoka lilikuwa limeshauruka ukuta, nikaliona linabingirika juu ya kuku wa jirani, likaruka ukuta wa pili, likanasa kwenye mti wa cheri wa Delmira.

Nilijificha nyuma ya pazia kama mwizi. Nikamwona anatoka na mkongojo wake, anaangalia juu, anaangalia ukuta, anaangalia nyumba yangu. Akalishusha kwa ufagio. Kisha akaupima upana wake kwa mikono yake miwili, namna hii, bega hadi bega.

Jioni ile hakuja. Alikuja Jumatano, hema limekunjwa vizuri kwapani upande mmoja, chupa kwapani upande wa pili.

"Hili ni lako?"

"Langu."

"La mtu mmoja."

"La mtu mmoja."

Akakaa, akanimiminia. Nikanywa, macho yangu chini, nikamrudishia kibuyu nikasema, "Asante." Akaniangalia. Akafunga chupa, akasema, "Haya," akaondoka, na leo ni siku ya kumi na moja hajakanyaga kwangu.

Lakini bado sijasema linaloniuma zaidi. Nilipolikunjua lile hema nikakuta palipochanwa na matawi pameshonwa, uzi mwembamba, na gundi juu yake, na kwenye pembe zote nne amefunga kamba ndefu ambazo halikuwa nazo. Kamba nyeupe zenye alama nyekundu. Nazijua kamba zile, Bibi Zulema, ni za hema letu la bluu, ambalo hukaa kabatini kwake. Amelikata hema letu! Miaka ishirini na mbili, ameshika mikasi akaikata, kuniambia kwamba yamekwisha. Sasa nifanye nini? Mwenye duka, kwa kunihurumia, amesema nikilirudisha kabla ya Jumamosi atalipokea hata likiwa limeshonwa, anipe la watu wawili, na mimi nafikiri nilichukue hilo nimpelekee, nimwambie tazama, nakusubiri bado. Au nisiende kabisa? Zimebaki wiki tatu. Usingizi sina.

Mimi,
Mwalimu wa Uani

*

Mwalimu wangu,

Kwanza pole, na pole hii inatoka moyoni. Umembadilisha jina shoga yako, umefanya vema, ila niambie, ni mahema mangapi yametua juu ya miti ya cheri mwezi huu katika mji huu? Gazeti linatoka Alhamisi asubuhi na Delmira ana macho. Kwa hiyo barua yako nimekutumia jibu lake nyumbani Jumatatu, ili ukiwahi uwahi, na wengine waje wasome baadaye kilichokwisha kutengenezwa.

Tuanze na hema, maana mahema ni mepesi kuliko watu. Umechagua vizuri. Nimetunza kibanda cha wapanda mlima miaka kumi na saba kabla magoti yangu nayo hayajanifukuza, na kwa mtu wa umri wako, fimbo moja, changarawe chini, ningekupa hilo hilo. Kosa lako ni uani. Fito zinalisimamisha hema, lakini kinacholizuia lisiondoke ni vigingi, kamba na mawe. Mahema yote niliyoyaona yakielea ziwani yalikuwa ya aina hiyo yako, na wenyewe wote, sikufichi, walikuwa wameenda kuchemsha maji. Tia begi ndani kabla hujalisimamisha. Upande mwembamba wa miguuni uelekeze magharibi, upepo unakotoka. Kigingi kikikataa, zungushia kamba jiwe kubwa kama boga na uifunge, usiliweke jiwe juu ya kamba ukadhani umefunga. Hata kama ni dakika moja. Hata kama hakuna upepo, kwa sababu wewe na mimi tunajua kwamba hakuna siku kama hiyo.

La watu wawili usilichukue. Utabeba siku tano nafasi ya mtu ambaye hayumo, na utakaporudi utamkuta amekaa pale pale ulipomwacha, anadanganywa. Na hapa nitakukaripia kidogo, Mwalimu. Wewe ulimsikia daktari. Ulimsikia, ukasema nitakusubiri, ukasema tena, kisha ukaenda kununua kwa siri na kusukuma chini ya kitanda. Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea. Ulidhani unamhurumia, na najua ulimhurumia kweli, lakini ulimwacha peke yake na goti lake, kila jioni anapanga safari asiyoweza kwenda kwa sababu anaogopa akikwambia "nenda" utaona anakufukuza. Wawili nyie mmekaa mezani mkisubiriana kusema neno moja, na upepo umechoka ukalisema.

Sasa hiyo "asante" yako. Mwalimu! Mtoto wa chekechea hapa kwetu anajua kwamba ukirudisha kibuyu na kusema asante umesema basi, inatosha, usinimiminie tena. Mwanamke kaja na goti la chuma na chupa iliyojaa, kaja kukaa, na wewe kibuyu cha kwanza tu ukamfungia mlango. Angefanya nini? Alifunga chupa akaenda, kama ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angefanya. Na tangu siku hiyo unahesabu siku ambazo yeye hakuja. Hizo hizo siku kumi na moja na wewe hukwenda. Umezihesabu?

Halafu zile kamba. Nimeisoma sehemu hiyo nikaweka miwani chini. Simo kifuani mwa Delmira, lakini nimeona watu wengi wakiwa na hasira na sijamwona hata mmoja aliyeshona. Mwenye hasira angekurushia hema lako juu ya ukuta lilikotokea. Huyu alikaa siku tatu, Jumapili mpaka Jumatano, akaziba tundu, akaona hema lako halina kamba za upepo, akawaza ziwa la juu, akafungua kabati. Kamba za hema la bluu zilikuwa ndizo pekee alizoziamini. Mtu anayetaka usiende hakufungii kamba za kukuzuia usipeperuke huko uendako. Na mtu anayekata kamba za hema lake amekwisha kukubali kwamba yeye hatalala humo tena, na hilo, Mwalimu, amelikubali peke yake, jikoni kwake, bila wewe. Hapo ndipo ulipokosekana. Lilia hilo, si mikasi.

Kwa hiyo hutarudisha kitu dukani. Leo, saa kumi na moja, chukua hema lako, nenda kwake wewe. Usipeleke keki, usipeleke hotuba. Ukifunguliwa sema, "Nilisema asante kwa kuchanganyikiwa. Nimiminie." Yerba ikishaanza kuzunguka, mwambie neno la daktari kwa mdomo wako, mwambie unakwenda, na mwambie unaogopa kwenda bila yeye, maana unaogopa, barua yako yote inatetemeka. Mkilia, lieni. Kisha tokeni uani kwake mlisimamishe hema pamoja akuonyeshe alivyozifunga zile kamba, kwa sababu nina hakika hujui, na aingie ndani alale alipime. Atakwambia linafanana na jeneza. Mwache aseme, ana haki hiyo.

Wiki tatu zikiisha, nenda. Kule kwa walinzi, watakapokufungulia daftari na kukuuliza apigiwe nani usiporudi, mpwa wako wa Trelew mwache apumzike. Sasa una mtu wa kumwandika. Andika jina lake lile la kweli, na namba yake, na umwambie kabla hujaondoka kwamba umemwandika, ajue kuwa siku ya tano kuna kazi ambayo ni yake na si ya mtu mwingine yeyote.

Na siku hiyo ya tano ukishuka, kwako usipite. Nenda na vumbi lako mpaka mlangoni kwake, weka begi chini, kaa, mwache amimine. Na safari hii usiseme asante mpaka chupa iishe.

Bibi Zulema