Kwa Mwalimu Rajabu, Aliyeninyima Sifa

Mwalimu Rajabu,

Tangu tukuzike Koboko nimekuwa nikikununia, na leo nakuandikia kuomba msamaha. Hilo kwanza. Mengine yote ni shukrani.

Uwanja wetu wa Arua uko vilevile. Wasichana wa netiboli bado wanafika wakipiga kelele, wa ngumi bado wanafika wamekunja uso. Sasa mimi ndiye kocha wa wote, maana hakuna mwingine aliyekubali. Najaribu kupuliza filimbi kama wewe, wananicheka.

Unakumbuka ulivyotupima pamoja, sisi wa ngumi na wale wa netiboli? Mbio za barabara ya Adumi, kuruka kamba, kisha vidole vyako viwili shingoni mwa kila mtu, ukihesabu mapigo ya moyo huku ukitazama saa. Asubuhi ya mashindano ulipima tena, kabla mtu hajacheza. Unaandika, unafunga daftari. Nikikuuliza mimi ni wa ngapi, jibu lilikuwa lilelile: "Wewe fanya kazi. Namba iko kazi yangu." Miaka sita! Wale wa netiboli uliwasifu mpaka wakavimba kichwa. Mimi hata neno moja. Nililia kwa sababu yako, Mwalimu, na sikukuonyesha. Nilidhani hukunipenda tu.

Baada ya arobaini yako, mkeo, Mama Zaituni, alinipa lile daftari. Nililifungua nikiwa nimesimama hapohapo mlangoni kwake. Kila penye jina langu umeandika: "Driciru. Nguvu, wa kwanza. Woga, wa kwanza. Asiambiwe." Ukurasa baada ya ukurasa. Nilikasirika sana. Kumbe ulijua, ukaninyima! Nikaapa kwamba wanafunzi wangu nitawaambia.

Mwezi uliopita tulikwenda kushindana Koboko. Nina msichana wa ngumi anaitwa Ezaru, hilo lilikuwa pambano lake la kwanza. Kwa pumzi na kwa mikono hakuna anayemfikia, awe wa ngumi au wa netiboli. Asubuhi ile nikamsomea namba zake zote mbele ya wenzake. Nilitaka afurahi. Hata chai hakuinywa. Nikamgusa shingo, moyo ulikuwa ukienda mbio kuliko siku yoyote ya mazoezi.

"Kocha, sasa nikipigwa nitasema nini?" akaniambia. "Watu watasema nguvu iko, roho ndiyo hakuna." Akaanza kufungua bandeji mikononi.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Wa netiboli wako saba, sifa wanagawana na lawama wanagawana. Wa ngumi anapanda ulingoni na sifa yake yote peke yake, inamwelemea. Ulikuwa unanipunguzia mzigo, mimi nikidhani unaninyima.

Nikamwambia ukweli: kwamba mimi nilitapika kabla ya kila pambano, na nikapanda hivyohivyo. Akanitazama. "Hata lile la ubingwa?" Hata hilo. Kisha nikawaita wa netiboli wakae naye. Wakaanza kubishana nani amesukwa vibaya, mpaka Ezaru akacheka na kufunga tena bandeji yake. Alishindwa kwa pointi. Akashuka jicho limevimba, akiuliza tutashindana tena lini.

Asante, Mwalimu. Asante kwa kila siku uliyofunga daftari ukiona nilivyonuna. Mama Zaituni ameniambia kwamba nyumbani ulinisifu mpaka akachoka kusikia jina langu. Nimecheka, kisha nimelia sana.

Nakuahidi, namba za Ezaru sasa zitabaki kwangu, hata akinichukia.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Mungu akulaze pema. Lakini kuna jambo ambalo mimi pia sikuwahi kukuambia, kwa ubishi wangu. Naliandika leo, maana huko uliko halitakutia woga: kati ya makocha wote niliowaona, wewe ni wa kwanza.

Driciru