Ruta ya Kabatini

Jumatatu, 4 Machi

Nimekatika tena katikati ya gemu! Tumebaki wawili, mimi ndiye ninayelinda ngome — skrini ikaganda. Niliporudi tulikuwa tumeshachapwa. Kiongozi wa timu kaandika: Sindano, hiyo ni mara ya pili, ya tatu tunakutoa.

Sindano ndilo jina ninalochezea; hajui mimi ni nani. Anajua ni fundi cherehani fulani tu. Mimi nilimtambua siku ya kwanza kwa jina analochezea: Kijiko. Jina la humu ndani hilo, Mama alimpa akiwa mdogo. Ni kaka yangu. Mwaka wa pili huu hapokei simu zangu. Siku Mama anamfukuza mimi nilikuwepo, nikaendelea kushona kama sijasikia. Nikitolewa kwenye timu, basi, nimempoteza kabisa. Mechi ijayo ni Jumamosi saa tisa mchana.

Jumatano, 6 Machi

Nimesogeza meza, nimesogeza cherehani, nimecheza nimekaa kizingitini kama mlinzi. Wapi! Nimemwita fundi wa mtandao. Kauliza ruta iko wapi. Nikamwonyesha: ndani ya kabati la vyombo la Mama, nyuma ya masufuria ya wageni, imefunikwa kitambaa isipate vumbi! Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mama, hii umeifunga jela, akasema. Mama hakucheka. Kabati lake haliguswi. Halafu akauliza, gemu za nini, mwanamke mzima, nguo za watu zimelala? Nikadanganya kwamba wateja wananionyesha mishono kwa video.

Alhamisi, 7 Machi

Mama amekubali! Ruta iko juu ya kabati, wazi — ila lazima ikalie kitambaa. Fundi kapitisha waya pembeni mwa ukuta hadi mezani kwangu. Gemu usiicheze kwa mtandao wa hewani, kasema, chomeka waya. Namba ya kuchelewa kwa mtandao, ile ya pembeni mwa skrini, ilikuwa mia tatu, leo ishirini na mbili. Nimeruka kama mtoto. Mama kaniangalia tu.

Jumamosi, 9 Machi

Saa kumi kasoro. Tumeshinda! Sikukatika hata mara moja. Bado niko ndani ya gemu, naandika ili mikono ipate kazi.

Kijiko kaandika: mtandao umetulia, Sindano, washa maiki tukusikie. Miezi yote nimesingizia mtandao, sauti haipiti, acha niandike. Leo nisingizie nini? Wenzetu wameaga mmoja mmoja. Tumebaki wawili. Naogopa.

Nimewasha maiki.

Mama mlangoni! Kaniita jina langu, kwa sauti yake ile ya kuita mtaa mzima, eti huyo mteja wa video bado hajaridhika na mshono?

Upande wa pili kimya. Nimetazama namba — ishirini na mbili. Hajakatika. Nasikia anavyopumua.

Kisha kauliza, polepole: huyo ni Mama?

Nimesema ndiyo. Ni Mama. Na mimi.

Hajatoka kwenye gemu. Mama anatazama machozi yanavyonitoka, anauliza naongea na nani. Nimemwambia. Nimelitaja jina la kaka humu ndani kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Nilidhani atageuka arudi jikoni. Amevuta kiti, amekaa, ananyoosha mkono anivue hedifoni, aongee naye.