Mwonjaji wa Mama

Gatwekera, 4 Februari 2024

Kwa ndugu yangu Austin,

Sasa? Natumaini barua hii inakukuta mzima. Huku hatujambo, ila mgongo unaniuma na hili tumbo limekuwa kama jirani mmbea, kila mahali linafika kabla yangu. Kliniki wamesema nitajifungua Aprili.

Maggie, mpishi wenu, hununua mboga pale soko la Toi karibu na kibanda changu cha mitumba. Amekubali kutubebea barua kwa kuwa simu wamewanyang'anya hapo mnapotibiwa pombe. Kutoka Kibera hadi Kawangware mtu anatembea kwa miguu, na bado tunaandikiana kama watu wa zamani. Sawa tu.

Mama anakusalimia. Bado haamini. Juzi alimwambia Rosebella wa mlango wa pili, "Mwenye jina la mlevi ni Ambrose. Mbona imempata Khamala?" Unajua hesabu zake. Babu Shiundu aliuawa na chang'aa, jina lake akapewa kaka yetu Ambrose, basi Ambrose akalindwa kama yai. Wewe ulipewa Khamala, jina la babu mzaa mama aliyekuwa mzee wa kanisa, basi hakuna aliyekuangalia. Leo Ambrose ni fundi wa vitanda na hanywi hata soda, nawe uko huko.

Nataka uniulizie jambo. Nikizaa mvulana, naye ataupata ugonjwa huu? Uliza wanaojua. Usiniambie niombe, kuomba naomba tayari.

Ni mimi dadako,
Lenah


Kawangware, 18 Februari 2024

Siste Lenah,

Niaje? Mimi niko poa. Mikono imeacha kutetemeka na nakula ugali kama mtu wa mjengo. Wewe na tumbo lako mko aje? Salimia mathe.

Swali lako nilimpelekea Waruguru, mshauri wetu. Ya majina alicheka kidogo, kisha akaomba radhi. Anasema jina halibebi pombe. Damu ndiyo inayobeba, na haiangalii uliitwa nani. Karibu nusu ya mambo haya mtu huzaliwa nayo, na si kitu kimoja unachoweza kukinyooshea kidole, ni vitu vidogo vidogo vingi. Nusu nyingine ni maisha: umeona nini, umewekewa nini mkononi, na ukiwa na umri gani. Kwa hiyo mtoto wako anaweza kuwa nayo na anaweza kukosa. Hakuna anayeweza kukuapia.

Halafu kuna tabia. Wako watu waliozaliwa na haraka, wanaochoka na kitu upesi, wanaopenda hatari. Hao wako karibu na mlango kuliko wenzao. Aliponiuliza nilikuwa mtoto wa aina gani nikamwambia vile nilivyokuwa nikiruka kutoka paa letu hadi la choo, na Ambrose amesimama chini akiuliza ni nani atalipa mabati.

Akaniuliza pombe ya kwanza niliipata wapi. Nikamweleza ya mathe. Unakumbuka alipokuwa akipika busaa ya kuuza? Mwenyewe hakuweza kuionja, yuko kwenye kamati ya akina mama kanisani. Ambrose hakuruhusiwa hata kulisogelea pipa. "Khamala, njoo uonje, wewe haiwezi kukudhuru." Nikawa naonja, nasema ni tamu, anafungua mlango wateja waingie. Waruguru aliniuliza mara mbili nilikuwa na miaka mingapi. Tisa, nikamwambia.

Kwa hiyo siste, si kosa langu. Ni damu. Tangu niambiwe nalala kama mtoto.

Mdogo wako,
Austin


Gatwekera, 3 Machi 2024

Kwa ndugu yangu Austin,

Natumaini u mzima. Mimi nimevimba miguu, mengine ni salama. Mama ana kikohozi lakini anaimba nacho.

Nashukuru kwa jibu. Halikunifurahisha, ila angalau ni jibu.

Sasa nisikilize. Damu uliyo nayo ndiyo aliyo nayo Ambrose, ndiyo niliyo nayo mimi. Niliwahi kuonja busaa kwenye matanga ya shangazi, nikaitema nyuma ya jiko. Labda mimi nilibahatika, sijui. Lakini sipendi ulivyoandika hapo mwisho. Mtu akiambiwa nyumba yake iko bondeni, huchimba mtaro kabla ya mvua. Wewe umeambiwa na umelala.

Usilale sana.

Dadako,
Lenah


Gatwekera, 21 Aprili 2024

Austin,

Sijui kama u mzima. Barua yangu ya Machi Maggie alinirudishia, anasema ulitoka siku ya ibada na hukurudi. Watu wamekuona Silanga kule karibu na bwawa, kwa wauza chang'aa. Sikuja kukutafuta kwa sababu nina mshono. Nimekukasirikia sana, na nikilala nakukasirikia tena.

Naiambatanisha ile ya Machi na hii. Maggie atakaa nazo, huenda ukarudi.

Nimezaa mvulana. Analia hadi majirani wamezoea. Mama na Rosebella wakasema kuna marehemu anayetaka jina lake, basi jioni moja wakakaa wakawa wanamwitia wafu wetu mmoja mmoja. Khamala, akalia. Wakaita wajomba, akalia. Mama aliyaruka majina mengine lakini Rosebella akamtaja Shiundu, na mtoto akanyamaza. Mama akasema hapana, tuanze upya. Tukaanza upya. Akanyamaza palepale tena.

Nilikuwa nataka kucheka na nikashindwa. Mama anasema tukimpa jina hilo tumemzika. Sherehe ya kumpa jina ni Juni, na hadi leo hana jina.

Lenah


Kawangware, 12 Mei 2024

Siste Lenah,

Pole kwa mshono, na hongera. Mimi ni mzima kuanzia wiki iliyopita. Ambrose alikuja Silanga akanichukua. Tulitembea hadi huku. Langoni akanipa shati lake.

Barua zako nimezisoma. Ulikuwa umeniona vizuri. Nilijiambia ni damu, nikaifuata. Nimemwambia Waruguru hivyo hivyo, akasema damu ni mteremko, si shimo. Kwenye mteremko mtu bado ana miguu, ila lazima ajue pale anaposimama pameinama. Naona aibu, siste.

Mtoto mpe Shiundu. Babu amelitaka, mpe. Ambrose amelibeba miaka arubaini na halijamfanya kitu. Lakini mwangalie mtoto, jina liache. Akianza kuruka mapaa usimchape tu, mtafutie mpira, mtafutie kitu cha kumchosha. Na asiwe mwonjaji wa mtu yeyote.

Mdogo wako,
Austin


Gatwekera, 9 Juni 2024

Kwa ndugu yangu Austin,

Natumaini u mzima na bado uko ndani ya geti. Sisi hatujambo. Mtoto ni Shiundu. Hakuacha kulia alipopewa jina, ananyamaza akishiba.

Nikueleze ya jana. Wazee wa ukoo walikuja na Mama alikuwa amewapikia busaa, pipa moja. Kabla ya kugawa ikabidi ionjwe. Mama akaangaza macho kwa watoto waliokuwa wakicheza mlangoni, akamwita Bridgit, binti wa Ambrose. "Bridgit, njoo uonje, wewe una jina la nyanya, haiwezi kukudhuru."

Nilikuwa nanyonyesha. Nikasema, "Mama, hapana."

"Sasa nani aonje?"

"Aliyepika."

Wazee wakamgeukia Mama. Ambrose akaangalia viatu vyake. Nilidhani Mama atanitukana, lakini alijifunga vizuri kitambaa chake cha kanisa, akachota kikombe na kumeza. Austin, tangu nizaliwe sijaona uso wa Mama ukikunjamana vile.

"Mbaya hivi?" akasema. "Na yule mtoto alikuwa akiniambia ni tamu."

Akaketi kwenye kigoda na kikombe mkononi, akalia mbele ya wazee. Niliumia kumwona, lakini sikumwambia anyamaze. Anataka nikuulize: ulikuwa ukimdanganya ili auze?

Dadako,
Lenah


Kawangware, 16 Juni 2024

Siste Lenah,

Mimi ni mzima, bado niko ndani ya geti. Mbusu Shiundu.

Mwambie mathe asilie. Mwambie sikumdanganya hata siku moja. Kwangu ilikuwa tamu, tangu kikombe cha kwanza.

Mdogo wako,
Austin