Mgongo wa Baba Ubaoni

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Nimechoka. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne uliisha Ijumaa, na leo tumeanza marudio upya kama vile hakuna kilichotokea. Macho yanauma.

Baba naye ameanza semina ya Kiingereza kwa walimu wa shule za msingi, kule kituo cha walimu, mtaa wa Mwanga. Wiki mbili, kila siku baada ya vipindi. Inakwenda pamoja na kipindi kipya cha redio cha Jumamosi saa nne asubuhi, Kiingereza kwa watoto na wazazi wao. Wanataka mpaka wauza dagaa wa ufukweni Kibirizi wajifunze. Mama, ambaye naye anauza dagaa huko, kasema wateja wake wanatoka Kongo, labda wamletee redio ya Kifaransa.

Baba ni mwalimu wa hesabu. Kiingereza alipewa miaka saba iliyopita, mwenye somo alipohama na asije mwingine. Hakuomba. Hakukataa pia. Ndivyo alivyo.

Jioni aliweka karatasi ya maswali ya semina juu ya vitabu vyangu, akaenda kuoga. Nimeijaza yote.

Jumatano, 14 Agosti

Karatasi nyingine. Na jana nyingine. Hatuzungumzi habari zake. Usiku inakuwa kwenye vitabu vyangu, alfajiri anainakili kwa mwandiko wake mzuri wa mwalimu wa hesabu, kila herufi imesimama sawasawa. Yangu anaichana vipande vidogo na kuvitia jikoni kwenye mkaa.

Mwalimu Thobias, wanayefundisha naye, alimpitia asubuhi. Kasema mbele ya Mama kwamba siku hizi Feliksi kameza kamusi, semina nzima wanamwangalia yeye. Baba alicheka kidogo huku akiangalia viatu vyake.

Ijumaa, 16 Agosti

Leo si maswali. Kila mwalimu aandike ukurasa mmoja kwa Kiingereza kuhusu yeye na somo hilo darasani. Mwezeshaji wao, Mwalimu Hamdani, kawaonya kwamba hataki sifa za elimu, anataka ukweli wa mtu.

Nilimuuliza Baba niandike nini. Ndiyo mara ya kwanza tunalitaja jambo hili kwa mdomo. Kasema mimi ndiye ninayejua kuandika, niandike kama mwalimu.

Nilianza na elimu ni ufunguo wa maisha. Mistari mitatu, nikaikata. Aibu tupu.

Halafu nikakumbuka darasa la tano. Baba alinifundisha mwenyewe. Kwenye hesabu alitembea kati ya madawati, chaki sikioni, anauliza, anatania, anagonga dawati la aliyesinzia. Kengele ya Kiingereza ikilia, anageukia ubao. Anaandika. Ubao ukijaa anafuta upande wa kushoto na kuendelea, mpaka kengele nyingine. Shati lake lilikuwa linalowa katikati ya mgongo, doa linashuka taratibu. Siku moja mtoto aliuliza neno fulani linasomwaje. Baba akaliandika tena, kubwa zaidi.

Hatukucheka. Tulinakili. Mimi nilidhani Kiingereza ni somo la kimya, kama kuchora.

Nimeyaandika yote hayo kana kwamba ni yeye anayesema. Kwamba anageukia ubao kwa sababu anaogopa kugeuka. Kwamba anawapa watoto mgongo wake kwa dakika arobaini. Kurasa mbili badala ya mmoja. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama hiki, na Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Jumamosi, 17 Agosti

Amenakili, ameipeleka. Alinakili haraka, mstari kwa mstari, kama mtu anayenakili ramani ya nchi asiyokusudia kwenda.

Jumatatu, 19 Agosti

Baba amerudi na samaki, migebuka miwili mikubwa, na si mwisho wa mwezi. Mama kamuuliza kuna nini. Kaketi kwanza, kavua viatu. Halafu ndiyo anasema: walikuwa walimu thelathini na wanne, na karatasi yake imechaguliwa. Jumamosi hii ataisoma mwenyewe redioni, moja kwa moja. Kila baada ya kipande mtangazaji ataeleza kwa Kiswahili ili wazazi waelewe. Shule zote zimeambiwa ziwahimize watoto wasikilize.

Mama alipiga kigelegele palepale kwenye mawese yanayochemka.

Mimi nilijifungia na vitabu. Sikula. Nilisema tumbo.

Jumanne, 20 Agosti

Kibirizi nzima inajua. Kasingirima nzima, mtaani kwetu, inajua. Darasani Yasmini, tunayekaa naye dawati moja, kanisalimia kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, wenzangu nao wakaanza kumwiga. Sijui kujibu utani. Niliinamia kitabu, nikasoma ukurasa mmoja mara nne.

Baada ya shule nilimsaidia Mama kugeuza dagaa. Nilitaka kumwambia. Nikaanza, “Mama, ile karatasi ya Baba—” naye kaniambia nikumbuke kulipiga pasi shati jeupe la Jumamosi. Nikamwambia redioni shati halionekani. Kasema mtu msafi hata sauti yake inasikika safi.

Basi. Nikaendelea kugeuza dagaa.

Jumatano, 21 Agosti

Kanikalisha mezani nimfundishe kuisoma. Aya ya kwanza ni nyepesi: yeye ni mwalimu kwa miaka kumi na tisa, shule iko karibu na ziwa, wanafunzi wake ni wengi. Alirudia kila sentensi mpaka ulimi ukazoea. Akikosea anacheka. Ananiuliza kama mwanafunzi mzuri anavyouliza, bila haya, mara ya pili, mara ya tatu.

Sijawahi kumwona hivi kwenye Kiingereza. Nilikuwa na saa nzima ya kumwambia kilichomo mbele, nikamsahihisha matamshi tu.

Kasema aya ya pili kesho.

Alhamisi, 22 Agosti

Hakutaka nimsomee. Alichukua kamusi yangu na penseli, akaanza mwenyewe, neno kwa neno, akiandika Kiswahili chake juu kwa herufi ndogo. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, nikijifanya nasoma kemia. Nilikuwa naona penseli tu. Mgongo. Jasho. Kuogopa — hili nalo alilitafuta kwenye kamusi, na neno lenyewe hata mtoto wa darasa la nne analijua. Alilitafuta, akaacha kidole juu yake.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

“Hii uliitoa wapi?”

“Darasa la tano, Baba.”

“Ulikuwa unakaa wapi?”

“Nyuma. Dirishani.”

Alifikiri kidogo. Labda alikuwa anakumbuka dirisha.

“Wote mlikuwa mnaona?”

Ningeweza kudanganya. Yeye amedanganya semina nzima na mimi nimemsaidia. Lakini aliniangalia usoni.

“Wote.”

Alifunga kamusi taratibu, akatoka nje. Mama kauliza anakwenda wapi na chakula kiko tayari. Alimjibu kwa Kiha. Baba hutuzungumzia Kiha akiwa amechoka sana au kukiwa na msiba.

Ijumaa, 23 Agosti

Hakunywa chai.

Nimeandika karatasi nyingine. Aya ya kwanza nimeiacha ileile kwa sababu ameshaizoea. Iliyobaki ni shukrani kwa semina, umuhimu wa lugha kwa biashara na utalii, watoto wanavyofurahia redio. Hakuna uongo ndani yake. Hakuna mtu pia. Nimeiweka juu ya shati jeupe, pembeni ya ile ya kwanza.

Jioni Mwalimu Thobias kapita kusema kesho walimu wote watakusanyika kwenye redio ya mwalimu mkuu. Kaacha salamu.

Baba aliporudi alizisoma zote mbili akiwa amesimama. Hii mpya alihitaji kamusi mara mbili tu. Nikamwambia, “Baba, nisamehe.”

“Umedanganya wapi?”

“Hakuna.”

“Sasa nikusamehe nini?”

Hakusema kwa upole. Alizikunja karatasi zote mbili pamoja, akazitia mfuko wa shati jeupe, kaniambia kola bado ina mikunjo.

Mama kaniuliza tuna nini sisi wawili. Nimesema uchovu. Ni kweli pia.

Jumamosi, 24 Agosti

Saa tatu na nusu. Kibirizi. Baba ameondoka kwa bodaboda tangu saa mbili. Hakuniambia atasoma ipi, nami sikuuliza. Mama hawezi kuacha dagaa na jua lote hili, kwa hiyo nimekaa juu ya magunia karibu na vichanja, na daftari hili magotini ili nisiongee na watu. Redio imening'inizwa kwenye mti wa kichanja. Wanawake wamekaa chini, wengine bado wanageuza. Wananiita mtoto wa Kiingereza.

Saa nne. Wimbo wa kipindi. Mtangazaji kamkaribisha Mwalimu Feliksi. Kigelegele, halafu Mama anawanyamazisha kwa ukali.

Sauti yake ni ndogo kuliko ya nyumbani. Miaka kumi na tisa, shule karibu na ziwa, wanafunzi wengi. Hajakosea neno hata moja. Mtangazaji kaeleza kwa Kiswahili, kina mama wamepiga makofi. Mpaka hapa karatasi zote mbili ni sawa.

Karatasi inasikika inafunguliwa. Anakohoa.

Ni ya kwanza. Anasoma ile ya kwanza. Kengele, ubao, mgongo. Anasoma polepole, kila neno peke yake. Jasho. Sasa kwamba anaogopa kugeuka. Amelisema vizuri kuliko maneno yote tuliyofanyia mazoezi, na hili hatukulifanyia. Anamaliza aya. Ananyamaza, anasubiri ielezwe.

Mtangazaji haelezi. Kasema ee — Mwalimu anasema — kasema, kwa kweli Mwalimu anazungumzia changamoto. Kanyamaza. Nadhani ni heshima. Ni kijana, huenda hata alifundishwa na mtu kama Baba, hawezi kumtamkia mtu mzima aibu yake mbele ya mkoa mzima. Baba haendelei. Naisikia pumzi yake kwenye kipaza sauti. Nadhani hataendelea mpaka isemwe.

Wanawake wameacha dagaa. Mmoja kasema changamoto gani, mbona kasema maneno mengi namna ile. Wananigeukia.

“Elida, wewe ndiye msomi. Baba yako kasemaje?”

Naandika ili nisijibu. Wapo kama ishirini, na watoto wao wengine wako darasani kwake.

Mama amekuja. Amesimama mbele yangu na magamba mikononi. Ameuona uso wangu, hatabasamu tena. Anaweka mkono wake juu ya daftari na kusema niwaambie kama Baba alivyosema. Naweka kalamu chini.