Mke wa Mwanangu Anaziba Midomo kwa Gundi

Shangazi Edith, nakusalimu sana, tafadhali soma yote usiruke, kwa sababu Jumapili shemeji yangu Cephas anatoka Oyugis kuja kumrudisha mke wa mtoto wangu kwao, na ni mimi nilimwita.

Mimi nilikuwa nauza omena, hawa dagaa wa ziwa, kisiwani Remba mpaka magoti ikakataa, ndipo mwanangu Javan akanileta kwake hapa Homa Bay nikae na mjukuu. Mke wake ni Cate, tunamwita nyar Kilifi, yaani binti wa Kilifi, kwa sababu kwao ni huko pwani, na sina ubaya na yeye, anapika, anasalimia vizuri, lakini Shangazi huyo msichana ameweka tangi kubwa ya kioo sebuleni na ndani ni maji ya chumvi, yeye mwenyewe anakoroga chumvi kwa ndoo, na mimi najiuliza, ziwa yote iko hapo chini, maji tamu ya bure, mtu anatengeneza maji ya chumvi ya nini? Ndani kuna samaki wawili wa rangi na mawe yenye yanaota kama maua.

Sasa kwa hayo mawe kumetokea vitu kama mirija nyeupe, ngumu, imejaa kila mahali, na kila moja inatoa uzi kama ya buibui. Nikauliza, "Cate, hii ni nini?" Akasema, "Ni minyoo tu, Mama, inanisumbua." Minyoo gani inajijengea nyumba na haitembei? Halafu nikamwona, mchana peupe, ameshika gundi ile ya kubandika viatu, anaziba mdomo ya kila mrija, moja moja, na midomo yake mwenyewe inacheza. Nikaambia jirani Phanice, akashika kifua: "Mama Javan, kwani wewe hujui watu wa pwani? Hapo hakuna minyoo. Hiyo ni mdomo ya kijana yako inazibwa." Na ni kweli Javan siku hizi haongei, anakula akiangalia chini, analala. Mbeleni alikuwa mtu wa kucheka mpaka plot yote inajua amefika.

Hao samaki mimi nawahurumia, Cate anawapa chakula kidogo kama anapima dawa, kwa hivyo akienda kazi natwanga omena mpaka iwe unga, nawamwagia ya kujaza kiganja, maji inakuwa kama uji halafu inatulia. Juzi akaniuliza, "Mama, kuna mtu anaweka kitu kwa maji?" Nikasema hapana, kwa sababu omena si kitu, ni chakula. Lakini niliumia, yaani mimi ndiye nashukiwa kwa nyumba ya mtoto wangu?

Nina huyo mmoja tu, Shangazi. Nimwage hiyo maji kabla Cephas afike, ama ningoje aione mwenyewe?

Mama Javan, Homa Bay

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Javan, usimwage hata kikombe!

Pole kwa hofu, najua mtoto mmoja ni jicho moja. Lakini barua yako nilimsomea jamaa wa Mombasa anayefuga samaki wa chumvi, na tulipofika kwa unga wa omena alipiga kelele, "Mungu wangu, anawalisha!" Si samaki. Wale wa kwenye mirija. Watu huwaita minyoo, ingawa wengine ni konokono wasiotoka nyumbani. Uzi unaouona ni wavu wao. Unga ukielea wanaunasa, wanakula, wanazaana. Nyuzi hizo zinasumbua yale mawe-maua, ambayo ni viumbe hai, na Cate amevumilia miezi mingi kuyakuza. Gundi ndiyo dawa: aliyezibwa hawezi kutega, asipotega hali. Uchawi uko wapi hapo? Na kama midomo yake inacheza, hata mimi nikifua naongea peke yangu.

Cate alikuuliza swali la haki ukamjibu kwa ujanja. Omena si kitu? Wewe uliyeiuza miaka yote?

Na huyo Phanice aliyejua uchawi bila kuiona tangi, mwogope kuliko minyoo. Pwani nako wako wanaosema wachawi ni sisi wa ziwani.

Fanya hivi. Omena irudi jikoni kwa watu. Leo, Cate akitoka kazini, mwambie kwa mdomo wako, "Mwanangu, ni mimi." Atakasirika, kaa hapo hapo, usikimbilie kwa jirani. Mirija ya kwenye kioo ikwanguliwe, inayofikika kwenye mawe ivunjwe kwa koleo hadi shina, iliyobaki izibwe, na jiwe jipya likaguliwe kabla halijaingia. Wale wenye taji la manyoya laini mwachieni Cate aamue, wengi hawana madhara.

Cephas mpigie sasa, kabla hajawaambia wengine huko Oyugis. Mwambie ulikosea. Aibu ya kukiri ni ya simu moja. Cate akishafukuzwa, mjukuu utamlea ukimjibu kila siku mama yake alienda wapi.

Halafu Javan. Umemuuliza Phanice, umemuuliza Cephas, umeniuliza mimi. Yeye hujamuuliza. Mkalishe chini umwambie, "Nyathina, mtoto wangu, kuna nini?" Kisha unyamaze, Mama Javan, hata akichelewa kujibu.