Plagi Iliyogoma Maneromango

Plagi ya tatu iligoma kutoka kama hiyo yako uliyoniandikia, mjukuu wangu Hamisi, na abiria wa lori la kijiji chetu cha ujamaa nililokuwa naendesha enzi zile pale Maneromango wakaanza kunicheka. Sisi hatujambo. Shangazi yako anakusalimu, na mikorosho imetoa maua.

Mimi shule niliishia darasa la pili, ufundi niliujua kwa kutazama.

"Vuta bwana, unaibembeleza kama bibi harusi?" wakaniambia.

Sikuvuta. Ukilazimisha plagi injini ikiwa ya moto, inakatikia ndani. Nikaimwagia mafuta ya taa pembeni, nikangoja ipoe.

Mwanahawa alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, anakwenda hospitali ya Tumbi, Kibaha, kusomea uuguzi. Nilikuwa nampenda mwaka wa pili huo, sijamwambia.

"Kaka, gari lako halitaki niondoke?" akaniuliza.

"Injini bado ya moto, dada."

Alinitazama kama anayesubiri jambo jingine. Saa nzima nikaangalia plagi tu. Kisha nikaikaza kidogo kwanza, halafu nikafungua, ikatoka bila shida. Watu wakashangilia, naye akapanda na wenzake.

Na wewe fanya hivyo hivyo, usiwe na haraka. Mimi nilidhani na mtu hungojwa vilevile.

Naishia hapa, gari la Kibaha linajaa. Nimesikia Mwanahawa amelazwa Tumbi, nataka nimkute angali anasikia.

Babu yako, Saidi