Mstari wa Chini

Kisangani, Jumanne jioni

Mstari mmoja tu, na miwani nilikuwa nimeivaa.

Juzi Bonifasi, jirani yangu mvuvi, aliniletea karatasi ya daktari. "Papa mwalimu, inasema nini?"

"Infarctus du myocarde," nikasoma, nikiifurahia sauti yangu. Nikaeleza: myocarde ni nyama ya moyo, infarctus ni Kilatini, kushindiliwa hadi kuziba. Mshipa ukiziba, damu haipiti, na kipande cha nyama ile kinakufa. Kama mtego wenu wa samaki kwenye maporomoko ya mto ukijaa majani.

"Bon, papa iko munganga kabisa!" akasema mkewe, Veronika, aliyekuja naye. Tukacheka wote, nikamrudishia karatasi.

Mstari wa chini sikuusoma: alale wiki tatu, asinyanyue kitu.

Leo asubuhi Bonifasi alikwenda kuinua mitego. Wenzake wamemrudisha juu ya ubao. Anapumua, ila kwa shida.

Hospitalini Veronika alinishika mkono. "Aksanti, papa. Bila weye hatungejua ugonjwa."

Karatasi alikuwa nayo. Nikamsomea mstari ule.

Akaniangalia. "Iliandikwa pale tangu juzi?"

Nikasema ndiyo. Akauondoa mkono wake.